Roketi ya Darasa la Jioni

Mapezi yalikuwa matatu, mepesi kama ganda la kitunguu, na Atuganile Mwakilasa aliyabandika kwa mikono iliyochuma chai miaka thelathini na mmoja. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda kwenye vifundo, lakini bado vilijua kushika kitu kidogo bila kukivunja. Alipaka gundi ukingoni mwa pezi la mwisho, akaliegemeza kwenye mstari wa penseli ubavuni mwa mrija wa kadibodi, kisha akainamisha kichwa huku midomo ikichezacheza.

"Usilipulizie, Mama Atu," alisema Mzee Gwakisa kutoka dawati la pili. "Pezi likikauka limeinama, roketi itakwenda kama mlevi anayetoka kilabuni."

"Silipulizii. Naliombea."

"Hata pezi?"

"Hata pezi, Mzee. Wewe uliyeunda viti miaka yote hiyo bila kuombea, ndiyo maana vinawaangusha watu."

Darasa likacheka. Walikuwa kumi na mmoja, mdogo wao akiwa na miaka arobaini na miwili, na madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la tatu, kwa hiyo kila mmoja alikaa amekunja magoti kama panzi. Walisoma pale jioni nne kwa juma, baada ya watoto kutoka. Atuganile alikuwa na miaka hamsini na minane. Alijifunza sehemu na desimali akiwa na hamsini na minne, mwaka ule mashine za kuchuma chai zilipoletwa kwenye shamba na wachumaji wakaambiwa asante.

Maombi yake yalijulikana kata nzima. Kwenye msiba yalituliza, kwenye harusi yalichelewesha chakula. Watu walisema ukimpa Mama Atuganile kuombea wali, utaula ukiwa kiporo. Yeye mwenyewe alicheka nao, lakini hakufupisha. Alisema alikaa kimya mbele ya watu nusu ya maisha yake kwa kutojua kusoma, na mbele za Mungu tu ndipo maneno yalipomtosha.

Mwalimu Sekela alipita kati ya madawati akikagua. Alikuwa na umri wa binti wa mwisho wa Atuganile, na bado wote walisimama alipoingia. Akaiinua roketi, akaitazama kwa jicho moja toka mkiani mpaka puani.

"Imenyooka. Sasa sikilizeni, maana Jumamosi sitakuwa na nafasi ya kurudia. Hii ni roketi ya wanaoanza. Mrija, mapezi, pua ya plastiki, mwavuli wa kushukia, na mota isiyozidi kidole gumba. Mota inawaka sekunde moja na nusu. Baada ya hapo roketi inapanda kwa nguvu iliyokwisha kuipata. Ikifika juu, baruti kidogo iliyobaki inasukuma mwavuli nje, inashuka. Ni hivyo tu. Haina redio, haina usukani, haina akili hata chembe."

"Kama baadhi yetu," alisema Gwakisa.

"Kila kingine kilichopo angani siku hizi kina akili," Mwalimu aliendelea bila kucheka. "Vipanga vinaona, vinakwepa, vinaongea. Hiki hakisikii. Ukishabonyeza, hakuna wa kukiambia rudi. Serikali imeweka somo hili mwanzo kabisa ili kabla hamjakabidhiwa chombo chenye akili, mjue kwanza kitu kisichorudi kikoje."

Kana kwamba kimeitwa, kipanga kimoja, ndege ndogo ya mizigo isiyo na rubani, kilipita juu ya bati la darasa kwa mvumo wake wa nyuki. Wote waliinua macho kwenye dirisha. Kilikuwa na tumbo jeupe: dawa za kawaida. Tumbo la njano lilikuwa chanjo, la bluu nyaraka, jekundu damu. Tangu daraja la bonde lichukuliwe na maji, ng'ambo yote iliishi kwa matumbo hayo. Kwa gari ulizunguka nusu siku. Kwa mguu, kushuka korongoni na kupanda, ilikuwa saa mbili za mtu mwenye magoti mazima.

Atuganile alikisindikiza kwa macho mpaka kikapotea. Siku moja kwenye kituo cha vipanga alimwona mhudumu, mama wa rika lake, akikipokea kimoja kilichotua na chanjo. Alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga, akakifungua, akakifuta vumbi, akakirusha tena. Siku ile Atuganile alijua kazi anayoitaka kabla hajafa. Mtihani wa cheti cha wahudumu wa vipanga ulikuwa Novemba, na roketi hii ilikuwa mlango wake wa kwanza.

*

Jumamosi alasiri ukungu ulikuwa umejikusanya juu mlimani, uwanja wa shule ukabaki wazi wenye jua. Walisimika ufito wa kurushia katikati ya nyasi, wakaivalisha roketi kwenye ufito, wakapeleka waya hadi kwenye kiboksi cha betri chenye ufunguo na kitufe kimoja. Kiboksi kile hakikujua lolote kuhusu anga. Ukizungusha ufunguo na kubonyeza, kinawasha.

Aliyejua kuhusu anga alikuwa Msimamizi, mtambo wenye akili unaoongoza vipanga vyote, na pale uwanjani Msimamizi alikuwa na taa tu: sanduku la ukubwa wa redio juu ya kigoda, lenye jicho moja la rangi na tundu la sauti. Asubuhi ile Atuganile alikuwa ameandikisha sauti yake kama mrushaji. Msimamizi akawapa nafasi yao: kuanzia saa tisa na robo mpaka saa tisa na dakika ishirini na moja. Kwa dakika hizo sita vipanga vyote vingezunguka mbali na uwanja. Baada ya hapo, anga ni la vipanga tena.

Mpango ulikuwa waombe kwanza, nafasi ianze wakiwa tayari. Lakini Gwakisa alipata taabu na waya wa kiwashio, ambao ulikuwa mwembamba kama unywele na ulikataa kuingia kwenye tundu la mota. Alitukana kwa Kinyakyusa, akaomba radhi, akaanza upya. Alipomaliza, taa ilikuwa imekwisha geuka kijani.

"Mama, fupi leo," Mwalimu Sekela alipaza sauti. Alikuwa amesimama mwisho wa uwanja na kipimapembe chake, tayari kupima roketi itafika urefu gani.

"Fupi, Mwalimu."

Hakuna aliyefikiria kuruka maombi. Huko kwao gari jipya haliondoki kabla halijaombewa, wala mbegu haiingii shimoni. Na wakati wa maombi hakuna afumbuaye macho. Mtoto anayechungulia hufinywa, akikua anawafinya wa kwake. Wote kumi na mmoja walifumba. Mwalimu Sekela, kule mwisho wa uwanja, naye alishusha kipimapembe na kuinamisha kichwa.

Atuganile alianza kwa kushukuru. Alishukuru kwa gundi na kwa aliyevumbua gundi. Alimshukuru Mungu kwa Mwalimu, kwa wazazi wa Mwalimu waliomsomesha msichana. Aliwakumbuka wenzake wa mashambani waliokufa bila kujua kuandika majina yao. Kisha moyo wake ukapanda juu, kwenye vipanga, akawaombea wote waliokuwa wakisubiri mizigo ile vitandani, wagonjwa asiowajua, kila mmoja kwa ugonjwa wake, Bwana, usimsahau hata mmoja.

Hapo ndipo mlio ulipoanza. Ulikuwa mlio mdogo, wa kudonoa, kama kifaranga ndani ya kikapu. Mzee Gwakisa, macho yamefumbwa, alidhani ni simu ya mtu. Kanisani kwao mchungaji huacha kuomba na kusubiri simu inyamaze, na aibu ile huifahamu aliyewahi kuipata. Akavua koti lake zito la baridi, akapapasa kuelekea kwenye mlio, akalilaza juu yake taratibu. Mlio ukafifia. Akashukuru moyoni kwamba hakumkatiza Mama Atu.

"…kwa jina la Mwanao. Amina."

"Amina!"

Walifumbua macho wakiwa na furaha ya watu waliokwisha kubarikiwa. Taa ilikuwa ya kijani walipofumba. Hakuna aliyeikumbuka. Mtu mmoja alianza kuhesabu na wote wakadakia kwa sauti kama watoto waliowaachia madawati. Tano! Nne! Tatu! Atuganile alizungusha ufunguo. Mbili! Moja!

Akabonyeza.

Roketi iliondoka na sauti ya kitambaa kinachochanwa. Kabla hawajapumua ilikuwa juu ya miti ya shule, ikavuta mstari mweupe ulionyooka, na mapezi yake matatu, yale aliyoyaombea, yaliishika njia bila kutikisika. Atuganile aliweka mikono kichwani. Katika maisha yake yote hakuwahi kutengeneza kitu kilichokwenda mbali naye kwa haraka hivyo. Alicheka kwa sauti.

Kisha akamwona Mwalimu Sekela anakimbia. Hakuwa akitazama juu. Alikuwa akitazama kigoda, na koti lililokuwa juu yake.

*

Juu ya mikaratusi, kipanga kilichokuwa kikielekea bondeni kilisimama hewani, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mbali zaidi vingine viwili vilisimama. Halafu vyote vikaanza kushuka, polepole na wima, kila kimoja mahali kilipokuwa. Kile cha karibu kilitua katikati ya uwanja, hatua arobaini kutoka kwao, kikakunja mikono yake minne na kuchutama kwenye nyasi.

Tumbo lake lilikuwa jekundu.

Mwalimu alilivuta koti. Chini yake taa ilikuwa nyekundu, na mlio ulikuwa umekoma.

"Nani ameifunika?"

"Mimi," alisema Gwakisa. Alikuwa amebaki na shati. "Nilidhani ni simu, Mwalimu. Naapa nilidhani ni simu."

Sauti ya Msimamizi ikatoka kwenye sanduku. Ilikuwa sauti ya kike, ya Kiswahili safi, isiyo na haraka wala hasira. "Kitu kisichojulikana kimerushwa saa tisa na dakika ishirini na tatu. Nafasi yenu ilikwisha saa tisa na dakika ishirini na moja. Vipanga kumi na saba viko chini. Nasubiri kauli ya mrushaji, Atuganile Mwakilasa."

"Dakika mbili," Atuganile alinong'ona. "Dakika mbili tu."

Roketi ilikuwa inashuka kwa mwavuli wake, ikielea kuelekea mashamba ya migomba. Hakuna aliyeifuata.

Atuganile alikwenda mpaka kwa kipanga. Kilipomwona karibu kilisema, kwa sauti ndogo ya upole, "Nimebeba damu. Tafadhali usiniguse." Kwenye kioo cha ubavuni palikuwa na maandishi, naye aliyasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa: DAMU. MAMA MZAZI. KITUO CHA AFYA LUBALA. IFIKE NDANI YA DAKIKA 41. Alipomaliza kusoma, 41 ilikuwa imekuwa 40.

Lubala ilikuwa ng'ambo ya bonde. Bati la kituo lilionekana kutoka pale uwanjani, likimeta.

"Mimi fundi, nina nyundo nyumbani," Gwakisa alisema nyuma yake. "Kisanduku hiki nakifungua kwa kupiga mara moja. Vijana wakishuka nayo mbio…"

"Kikilazimishwa kinamwaga dawa ndani ya damu isitumike tena," alisema Mwalimu. "Vilitengenezwa hivyo baada ya wale walioiba mizigo. Na hata ikitoka nzima, Mzee, nani anavuka korongo lile kwa dakika arobaini?"

Gwakisa alikunja koti lake mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa nini kisiruke tu?" Atuganile aliuliza. "Roketi imeshatua. Anga ni tupu, kila mtu anaona."

"Msimamizi haoni, Mama. Huku chini hana macho. Kuna taa zake na kuna maneno yetu, basi, na sanduku halisikii mpaka mrushaji ajitaje jina." Mwalimu alimshika mkono, akamrudisha upande wa kigoda. Alizungumza haraka, kama anayerudia somo kwa mwanafunzi wa mwisho kabla ya mtihani. "Unakumbuka juma la tatu? Kuna kauli tatu. Makusudi, kutoona, hitilafu. Ukisema hukuona, taa inakuwa mtuhumiwa. Labda haikugeuka kwa wakati, labda haikulia. Kama taa moja inaweza kukosea, zote zinaweza, na kipanga kimoja kikigongwa kinaangukia watu. Unakikumbuka kile kilichoangukia watu kule sokoni. Kwa hiyo anga linabaki limefungwa mpaka mkaguzi aje aishike taa kwa mkono wake."

"Mkaguzi yuko wapi?"

"Mbeya."

"Atachukua muda gani?"

"Akiacha kila kitu sasa hivi, masaa manne."

Atuganile alitazama kipanga. Kutoka pale hakuweza tena kusoma namba, lakini alijua inapungua.

"Na nikisema niliona?"

Mwalimu Sekela aliachia mkono wake. "Basi taa ni nzima na mbaya ni wewe. Hakuna cha kukagua. Anga linafunguliwa palepale. Lakini jina lako linaingia kwenye daftari la waliorusha kwa makusudi. Halitoki. Hutafanya mtihani Novemba, hutashika chombo cha anga, hutakipakia mzigo, hutafanya kazi hata ya kufagia kituoni. Maisha yako yote, Mama."

"Niseme mimi!" alisema Gwakisa. "Koti langu, kosa langu. Mimi nina miaka sitini na sita, wanifute wanavyotaka."

"Anaitaka sauti ya mrushaji, Mzee. Aliiandikisha asubuhi."

"Basi afanye nini? Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Tuambie."

Mwalimu alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Sijui. Nimewafundisha miaka mitatu kwamba Msimamizi anaishi kwa ukweli wetu. Watu wakianza kumdanganya, hata kwa wema, iko siku ataamini taa mbovu na watu watakufa kwa ajili ya uongo wa mtu mwema. Hilo nalijua. Na yule mama yuko pale, bati lake naliona. Nalo nalijua."

"Taa hii ni nzima?" Atuganile aliuliza.

"Mama?"

"Ilipiga mlio kwa wakati? Iligeuka ilipotakiwa?"

"Sijui," alisema Mwalimu. "Nilikuwa nimefumba macho."

Wote walikuwa wamefumba macho. Watu kumi na wawili uwanjani, na hapakuwa na hata mmoja wa kushuhudia.

Atuganile alisogea pembeni, akapiga magoti kwenye nyasi. Hakufumba macho. Aliomba neno moja tu, ndiyo au hapana, kama alivyowahi kupewa siku nyingine katika mambo madogo: mahali pa kupanda viazi, mtu wa kumsamehe. Alisubiri. Alisikia mdudu kwenye nyasi na mtu akilia taratibu nyuma yake. Alikumbuka kwamba yeye ni mzee wa kanisa, kwamba kwa miaka tisa amewafundisha watoto wa Jumapili amri ya kutoshuhudia uongo. Mtoto mmoja aliwahi kumuuliza kama mtu anaweza kumdanganya jambazi ili amwokoe mama yake. Alimjibu haraka, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu.

Neno halikuja. Bonde lilikuwa kimya, lenye jua.

"Dakika thelathini na tatu," mtu alisema.

Alisimama, akapangusa magoti, akaenda mbele ya sanduku.

"Mimi ni Atuganile Mwakilasa," alisema. "Natoa kauli."

"Endelea."

"Niliiona."

"Uliona taa ikiwa nyekundu kabla ya kurusha?"

Akahisi macho ya Mwalimu Sekela mgongoni. "Niliiona."

"Na ukarusha kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

Alisubiri aulizwe kwa nini, hakuulizwa. Sababu hazikumhusu Msimamizi.

"Kauli imepokelewa: makusudi. Ikibadilika kabla ya masaa sita kupita, anga litafungwa upya mpaka ukaguzi ufanyike. Asante kwa kusema kweli."

Kipanga kilikunjua mikono yake. Nyasi zililala chini yake, kikainuka wima, kikageuka taratibu kama kinachotafuta harufu, kikashika njia ya bonde. Walikitazama mpaka kikawa nukta, nukta ikafika kwenye bati, bati likaimeza. Mwanafunzi mmoja alianza kupiga makofi. Hakuna aliyemfuata, akaacha.

*

Walikuwa bado pale wakikusanya waya, wakifanya polepole kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka, simu ya Mwalimu ilipolia. Alisikiliza, akawapa ishara ya kunyamaza.

"Ni nesi wa Lubala. Damu imefika. Wamemuwekea." Alisikiliza tena. "Chupa moja haitoshi. Ya pili imeshatoka, iko njiani. Mtoto yuko hai. Mama hajazinduka."

"Atapona?" aliuliza Gwakisa.

Mwalimu aliuliza, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Anasema hawajui. Anasema zile dakika kumi…" Kisha uso wake ukabadilika, akaziba simu kwa kiganja. "Mume wake yuko pale. Ameandikiwa sababu ya kuchelewa, ndiyo sheria. Anataka kuzungumza na mrushaji."

"Mwambie ameondoka," alisema Gwakisa. "Mwambie ameugua."

"Lete," alisema Atuganile.

Mwalimu hakuitoa simu mara moja. Aliinama karibu na sikio lake. "Mama, simu za vituo zinapita kwa Msimamizi. Kila neno. Unaelewa? Chupa ya pili bado iko angani."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Haloo," alisema Atuganile. Sauti ya mwanamume iliyomjibu ilikuwa changa, ya umri wa mwanawe wa tatu, na ilikuwa imechoka kuliko umri wake. "Shikamoo."

Salamu ile ilimkata. "Marahaba, baba."

"Wewe ndiye uliyerusha?"

"Ndimi."

"Wewe ni mtu mzima." Alionekana kupoteza alichokuwa amepanga kusema. "Nilidhani ni vijana. Nilikuwa nimejiandaa kutukana vijana."

"Si vijana. Ni mimi."

Nyuma ya yule mwanamume kitoto kilikuwa kikilia, kilio kipya, kikavu. "Hapa wameniandikia kwamba uliiona taa. Kwamba ilikuwa nyekundu ukaona, ukabonyeza. Nimesoma mara tatu. Mama, mimi nafanya kazi na watu, najua wanavyoandika. Mtu anakosea, wanaandika amekusudia. Labda hukuiona. Labda ulikuwa unatazama kwingine." Sauti yake ilishuka, ikawa karibu kama anambembeleza. "Niambie tu hukuiona. Ni bahati mbaya, zinatokea. Nitaelewa, na sitakuwa na neno na wewe. Nataka tu nijue hakuna mtu aliyemtazama mke wangu hivyo akabonyeza."

Juu ya mikaratusi kulikuwa na mvumo. Atuganile aliinua uso. Kipanga cha pili kilikuwa kinakuja kutoka upande wa mji, tumbo jekundu, kikiwa chini kidogo kwa uzito, kikielekea bondeni. Kilikuwa hakijafika hata juu ya uwanja.

Maneno yote aliyokuwa nayo, yale yaliyochelewesha wali wa harusi nzima, yalikuwa mdomoni. Tulikuwa tunaomba, baba. Tulikuwa tunakuombea wewe, tukiwa hatukujui. Angeweza kuyasema kwa pumzi moja, na kabla hajafika mwisho kipanga kile kingesimama hewani na kushuka kwenye nyasi mbele yake.

"Niliiona, mwanangu," alisema.

Kile kitoto kiliendelea kulia.

"Kwa nini sasa?" mwanamume aliuliza. Hakupaza sauti.

Kipanga kilipita juu yao. Kivuli chake kilivuka uwanja, kikavuka miguu ya Gwakisa, kikaingia korongoni. Atuganile alitafuta sababu ya kumpa, hata mbovu, hata ya mtu mbaya, maana alimwona anastahili kupewa kitu. Hakupata.

"Sina la kukuambia, baba."

"Huna."

"Sina."

"Basi nipe jina lako," alisema yule mwanamume. "Hapa wameandika namba tu. Nataka jina lako nilijue."

Mwalimu Sekela alinyoosha mkono kuichukua simu. Atuganile alimgeuzia mgongo, akaishika kwa mikono miwili, akamtajia: lake, la baba yake, na la ukoo, polepole, moja baada ya jingine, akisubiri kila moja liandikwe ndipo ataje linalofuata.